Sura kwa Penseli ya 4H

Ofisini walimwita Fundi Mstari, na kutulia hakukujua. Mama mzima wa miaka hamsini, mchora ramani za nyumba, lakini kitini alikaa kama aliyekalia makaa. Mwezi ule ndiyo usiseme. Daktari alishasema macho ya baba yake hayatamaliza mwezi, na mzee alikuwa na ombi moja tu: aione sura ya mkewe mara ya mwisho. Picha haikuwepo hata moja. Marehemu aliondoka akiwa na miaka thelathini na minne, na wa kumchora kwa kumbukumbu alikuwa binti huyu peke yake.

Kwa habari za penseli, ukimchokoza umekwisha. Za H ni ngumu. Namba ikipanda, ugumu unazidi na mstari unakuwa mwembamba, wa kijivu. Za B ni laini. Namba ikipanda, weusi unazidi na mikono inachafuka. HB iko katikati, ya kuandikia barua. Yeye na 4H walikuwa damu damu. Za B aliziita masizi.

Basi akachora kwa 4H siku nne, akiinuka, akizunguka meza, akifuta, akirudia, akikandamiza. Akampelekea baba yake mbio mbio. Mzee akaisogeza karatasi dirishani, akaileta hadi puani, akaigeuza.

"Mwanangu, mbona karatasi tupu?"

"Si huyo hapo, Baba! Angalia vizuri."

"Sioni kitu, mama."

Moyo ulimpasuka. Majivuno yote yale ya mistari myembamba, na mtu mmoja aliyemchorea haioni! Akatoka bila kuaga, akarudi na 6B kutoka duka la vifaa vya shule, akapiga magoti sakafuni. Kufuta hakukusaidia, maana 4H ikikandamizwa huacha mtaro kwenye karatasi. Akailaza 6B ubavu, akapaka juu ya sura ile. Weusi ukapita bila kuingia mitaroni, na kila mstari wa zamani ukajitokeza mweupe: kwenye nywele, pembeni mwa macho, kuzunguka mdomo. Mama yake kijana akageuka bibi mwenye mvi na makunyanzi. Akashika karatasi aichane.

"Lete hapa," mzee akasema.

Akaitazama dirishani. Binti alizunguka chumba mara tatu, akashindwa kuvumilia.

"Nimemharibu, Baba. Nimemzeesha."

"Namwona," mzee akasema. "Huyu ni yeye. Miaka yote nikimkumbuka, yeye kijana, mimi nazeeka peke yangu. Nilikuwa namwonea haya. Leo tumelingana." Akapangusa macho kwa kiganja. "Hebu sogea, mama, unanizibia mwanga."