Kaburi Lililo Chini ya Viti vya Wazungu

Tulipokuwa wadogo pale Kanyenye, Tabora, enzi za Mwingereza, hatukuhitaji simu ili tuchoke. Tulicheza msafara: kibuyu cha maji kichwani, mstari mmoja, na anayeyamwaga anaitwa punda mpaka Jumapili. Tukimaliza tulitafuna viazi vitamu vilivyokaushwa, vigumu kama kokoto. Vijana wa leo wangeomba kwanza waitiwe daktari wa meno.

Mchezo ule tuliutoa kwa Bibi Kalunde, mama mzaa mama yangu. Nieleze taratibu, maana shuleni tuliambiwa njia ya Bagamoyo ilifunguliwa na Wazungu wenye kofia. Kofia zilikuwepo, kweli. Ila mizigo ya wenye kofia ilikuwa juu ya mabega ya Wanyamwezi, waliotembea miezi mitatu hadi pwani, wengine na wake zao. Mke alibeba chungu, unga, na mtoto mgongoni. Bibi alimbeba kifungua mimba wake, mvulana wa miezi mitano. Homa ikamuua kwenye kambi ya wapagazi, hatua chache kutoka baharini. Wakamzika, msafara ukageuka, na Bibi hakuwahi kumwagia kaburi unga wa mtama, kama ada yetu inavyotaka ili marehemu apumzike. Jambo hilo lilimkaa kooni miaka na miaka.

Nilipotimiza miaka tisa akanichukua, tukapanda treni, kisha lori, amekumbatia kifuko cha unga utadhani kina dhahabu. Kambi tuliikuta imestaarabika: nyasi zimekatwa, Wazungu wamejilaza vitini juani wakijibanika kwa hiari yao. Mlinzi akatuzuia getini.

"Shikamoo, bibi. Hapa ni pa Wazungu."

"Marahaba, baba. Mwanangu yumo humo."

"Mpishi au dobi?"

"Hajafanya kazi hata siku moja. Nilimzika angali ananyonya, pale penye mkwaju."

Mlinzi akashika komeo la geti. Akatazama huku na huku, akafungua.

Bibi akapiga magoti, akamwaga unga kidogo kidogo, akinong'ona Kinyamwezi. Mama mmoja wa Kizungu akainuka, akauliza kuna nini.

"Dawa ya siafu, memsahibu," mlinzi akajibu bila kupepesa macho.

Mama yule akafurahi sana, akaagiza imwagwe hadi kwenye viti. Bibi akatii kwa moyo wote. Simjui mtoto mwingine wa Unyamwezi aliyefanyiwa tambiko kwa amri ya Mzungu.

Leo pale pana hoteli ya kifahari. Mjukuu wangu kanitumia picha, amevaa miwani myeusi, pamoja na maelezo ya hoteli: eti kabla yao ufukwe ulikuwa mtupu. Sisi tulifika kwa miguu, tukazika, tukarudi kuomba ruhusa. Vijana wa leo hufika asubuhi, na kufikia adhuhuri wameshaimaliza historia yote kwa picha. Lakini kijana ni mwema, anafundishika. Nimemjibu: "Ukitoka kuogelea, simama chini ya mkwaju useme shikamoo. Hapo amelala mjomba wangu, kwako ni babu. Umheshimu hivyo hivyo, ingawa hajaota meno."