Baiskeli Mbili na Moyo wa Ghorofa

Watu walimwita Ghorofa, maana alikuwa fundi wa lifti. Hapakuwa na jengo refu mjini ambalo hakuwahi kuning'inia ndani ya shimo la lifti yake, mkanda kiunoni, bisibisi mkononi, akipiga mluzi. Woga hakuujua. Na kila Jumamosi asubuhi yeye na mkewe, mwalimu wa michezo, walipanda kwa baiskeli mlima ulio nyuma ya mji. Ghorofa alitangulia kileleni, akamngoja mwenzake kwa utani: "Nilidhani umeolewa njiani!"

Kisha moyo ukamlaza kitandani. Alipasuliwa kifua, akashonwa, akapona. Daktari alimruhusu kuendesha tena, mradi asijikamue kupita kiasi. Wazo la baiskeli ya umeme lilitoka kwa mkewe.

"Mimi nipandishwe mlima na betri?" Ghorofa aling'aka.

"Wewe umepandisha watu wangapi kwa umeme? Nani kati yao aliona haya?"

Ghorofa akainuka. Akavaa viatu, wakaenda dukani.

Mwenye duka, dada mchangamfu mwenye grisi hadi viwikoni, aliwatolea mbili zilizo bora kuliko zote alizokuwa nazo. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, matairi mapana kama mikate, springi mbele na nyuma, na mota ya kung'oa kisiki. Ya pili ilikuwa ya kijani, nyembamba, nyepesi kiasi kwamba dada yule aliinyanyua kwa mkono mmoja huku akiongea.

Ghorofa hakuitazama mara mbili ile ya kijani. "Nipe hili dume."

"Hata shati hununui bila kulivaa," mkewe akamwambia. "Zijaribu zote."

Basi dada akazipakia kwenye pikapu yake, wakaenda hadi chini ya mlima. Mke alikuwa na baiskeli yake ya siku zote, ya kukanyaga tu.

Ghorofa alianza na dume. Ebo! Alikanyaga kidogo tu, likaruka. Mawe, mizizi, kona kali, vyote lilivimeza. Alifika kileleni shati kavu, akageuka kutoa utani wake, hakuona mtu. Mkewe alikuwa doa dogo huko chini. Akaketi juu ya jiwe. Upepo ulikuwa uleule, mji uleule ukimeremeta, lakini alijiona kama abiria aliyebonyeza kitufe na kufikishwa. Mkewe alipofika, anahema na kucheka, Ghorofa alimwonea wivu kwa lile jasho lake.

Wakashuka, akachukua ya kijani. Hii ilimsaidia kadiri alivyokanyaga mwenyewe. Akilegea, nayo inalegea. Waliongozana bega kwa bega. Kwenye kona ya pili mapaja yakawaka, na moyo ukaanza kupiga ngoma. Ghorofa akafunga breki ghafla, akashuka, kiganja kifuani. Mtu aliyezoea kuning'inia hewani, leo aliushikilia usukani asianguke, akiwa amesimama ardhini.

Mkewe naye akasimama. Hakupiga kelele. "Unaumwa?"

"Hapana. Unadunda tu."

"Moyo kazi yake kudunda, baba. Ungenyamaza ndipo ningepiga mayowe."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na akashangaa kwamba pumzi ya kucheka anayo. "Tangu nitoke hospitali," akasema polepole, "naubeba kama trei ya mayai. Sikutaka ujue."

"Nilijua. Unalala huku unausikiliza." Akamfuta jasho kwa mkono wa fulana yake. "Twende. Pole pole, lakini twende."

Wakapanda. Moyo ukadunda hadi juu, na Ghorofa akauacha udunde.

Waliporudi dukani, dada alikuwa mkweli. "Hii ya kijani betri yake ndogo, mzee wangu. Kwenye safari ndefu inaweza kukuacha njiani."

"Ikiniacha nitaikanyaga mwenyewe hadi nyumbani. Lile dume likizima, itabidi nilale nalo huko huko." Akaipapasa shingo ya usukani. "Mwanangu, mimi nimeishi na mota. Nikitaka kubebwa, nitaingia kwenye lifti. Nifungie hii."

"Una hakika?"

"Kama nilivyo na hakika kwamba huyu mama anaitamani."

Kweli, mkewe aliichukua mikononi mwake, akaipanda, akazunguka uwanja wa duka, na alipoitwa alijifanya kiziwi.

Jumamosi waliondoka mapema. Kwenye mteremko wa kwanza wakashuka sambamba, kisha mlima ukaanza. Ghorofa akaongeza nguvu ya mota kidogo, akampita mkewe.

"Mwizi wa umeme!" mama akapaza sauti nyuma yake, akasimama juu ya pedali na kumfukuza.