Fundi Minyoo na Uboho Uliotiwa Barafu

Jina la Minyoo alilipatia dirishani pa famasi. Muuguzi alipaza sauti utadhani ananadi mitumba: "Wa dawa ya minyoo nani?" Fundi cherehani akainua mkono nusunusu. Bahati mbaya, nyuma yake alisimama shemeji yake, mke wa kaka, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki. Fundi hajafika hata kazini, kundi la WhatsApp la familia limeshajaa vicheko. Wateja wa sare za shule nao wakadaka. Ndo ikawa hivyo: Fundi Minyoo.

Kasheshe ni kwamba minyoo yenyewe haikuwepo! Alimeza dawa, akarudia, akabadilishiwa. Choo kikapimwa, safi. Lakini eosinofili, zile chembe nyeupe za damu ambazo hupanda mtu akiwa na minyoo au mzio, ziligoma kushuka. Mwili ukawasha, pumzi zikaanza kumkatikia kwenye pedali.

Daktari wa damu, mama asiyepindisha maneno, akamwambia: "Fundi, huenda kasoro iko kwenye uboho, huko ndani ya mfupa damu inakotengenezwa. Chembe hizi zikibaki juu, zitauharibu moyo. Tupime kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe. Tukijua kasoro ni ipi, tutajua dawa ipi inaifaa."

"Mnachukulia wapi?"

"Mfupa wa nyonga. Kwa sindano."

Fundi akavua kofia. "Haya, chomeni."

Akachomwa huku ameng'ata kofia yake. Shemeji akajitolea kupeleka chupa ya uboho maabara, mji wa pili. Kwa mapenzi yote akanunua barafu, akaifukia chupa humo kama soda ya harusi.

Mtu wa maabara akashika kichwa. "Dada, kromosomu tunaziona chembe zikiwa hai, zinagawanyika. Hizi zimeganda, zimekufa."

Shemeji akarudi amenywea. "Shem, nimeua uboho wako."

"Umeua wa kulia. Wa kushoto upo."

"Pumzika kwanza, jamani!"

"Nipumzike, moyo unanisubiri? Daktari, kushoto."

Safari hii shemeji aliibeba chupa kwenye mkoba, imefungwa kitambaa, anapiga simu kila kituo: "Haina baridi, haina joto, imetulia kuliko wewe."

Majibu yakatoka: kromosomu ya tano na ya kumi na mbili zimebadilishana vipande.

"Yaani mkono wa shati hili umeshonewa shati lile?" fundi akauliza.

"Hivyohivyo," daktari akajibu. "Na kwa kasoro hii, vidonge vipo."

Anavimeza mpaka leo. Eosinofili zimeshuka, moyo unapimwa na uko salama, na pedali anaikanyaga hadi majirani wanalalamika. Kilichogoma kushuka ni jina tu. Ila hakubaki peke yake: shemeji sasa ni Mama Barafu, na aliyelirusha kwenye kundi ni fundi mwenyewe.

Wewe je, jina lako la aibu lilikunasia wapi? Na kama nawe ulizungushwa na vipimo ukakataa kukata tamaa, mwaga stori hapo chini. Tutacheka, ila tutasoma yote.