Gunia Tupu Ndani ya Kiini cha Mashine

Ni mwaka wa 2021, niko na miaka hamsini na saba, ndipo mashine yangu, kompyuta inayorusha mtandao, ilianza kuanguka, yaani kuzimika yenyewe. Shule niliacha darasa la tano. Kompyuta nilijifunza kwa kufungua zile wengine walitupa, na muntu asinicheke: mtandao wa kliniki ya Kipushi, kutoka hapa Lubumbashi, niliujenga mimi. Hata ile programu inayokaa ndani ya kiini cha mfumo, pale mashine yote inapoamriwa, niliiandika mimi.

Juma moja ilizimika mara tatu. Daktari wa kliniki akanipigia.

"Papa, ikianguka tena, Jumamosi tunashusha antena yako ya mtandao juu ya paa letu. Bagonjwa si muchezo."

Kazi ingine sikuwa nayo. Nilisoma mistari ya programu yangu mpaka macho yakawaka. Chakula kikanishinda. Mbele ya Mungu nasema: nililia.

Mke wangu anauza samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani. Alhamisi magunia yalifika. Yeye aliinua kila gunia kwanza, ndipo akasoma jina juu yake. Nikamfokea: "Soma jina tu, tumalize!"

"We papa, kichwa iko wapi? Mifuko ya zamani hii. Jina iko ya mwaka jana, ndani hakuna hata samaki moja."

Papo hapo nikakimbia kwa mashine.

Programu ikitaka kutuma kitu, inakipa kiini anwani na kusema urefu wake. Mimi, ndani ya kiini, nilisoma kwanza ukoo wa anwani, yaani ni ya aina gani, bila kutazama urefu. Programu iliyoileta ilikuwa yangu pia, na kwetu kupima mzigo wa mtoto wako ni kumtukana. Kumbe mara zingine ilisema urefu ni sifuri. Haikuleta kitu, nami nikasoma masalio ya anwani iliyopita. Masalio yakiwa mazuri, inapita. Yakiwa mabaya, mashine inakufa.

Nikaongeza mistari miwili: urefu ukipungua, kataa, ukitosha, ndipo usome ukoo. Nikaipelekea mashine anwani tupu mara mia. Ilikataa zote, ikabaki imesimama.

Jumamosi nilikaa na simu mapajani toka asubuhi. Haikulia.

Leo niko na nyumba ya matofali, vyumba vitatu. Mashine mbili. Baiskeli moja. Diploma hakuna. Antena moja, Kipushi, juu ya paa la kliniki.