Mafungu Kumi na Matatu ya Nyakerario

Kama kuna mtu pale Magwagwa aliyeujua uchovu kwa jina lake la ubatizo, ni Edinah. Asubuhi yuko kwenye majani chai, mchana yuko kwenye majani chai, jioni yuko kwenye foleni ya kituo cha kuuzia chai, anamngoja karani apekue kikapu na kumrudishia majani magumu. Na juu ya hayo yote, Mwalimu Omwenga akamwongezea mzigo.

"Mama Nyakerario," alimwambia siku alipomwita shuleni, "msichana wako anasoma kama maji. Ila ukimuuliza amesoma nini, anakurudishia maneno yale yale. Haelewi. Muhula ukiisha hivi, kipindi cha kusoma nitamrudisha akasome na watoto wa darasa la tatu."

Edinah alipandwa na hasira. Haelewi? Mtoto ambaye kila Sabato ya kumi na tatu, robo ya mwaka ikifungwa, husimama mbele ya kanisa akayamwaga mafungu yote kumi na matatu ya Biblia kwa Kiswahili bila kukwama, watu wakaitikia amina mpaka mabati yakatikisika! Lakini kabla ya kufika nyumbani hasira ilimwisha, ikabaki aibu. Nani aliyemfunza hivyo kama si yeye? Kila jioni, "Rudia! Rudia tena!" Akikosea neno, chakula kinangoja. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alikuwa akijisemea. Maana ya neno hakuwahi kumuuliza hata siku moja. Yeye mwenyewe aliyakariri hayo hayo akiwa mdogo, na hakuna aliyemuuliza.

Basi wakaanza kujifunza upya, pale pale kwenye foleni ya chai. Nyakerario akitoka shule anapitia kituoni, anasoma aya moja tu ya kitabu cha hadithi huku wakingoja lori la kubeba chai. Siku ya kwanza alisoma habari za kijiji kilichopatwa na kiangazi.

"Haya, niambie kwa Kigusii chetu. Kulitokea nini?"

Mtoto akairudia aya ile ile kwa Kiswahili, neno kwa neno.

"Kiangazi ni nini?"

"Sijui, Mama."

Jamani! Mgongo ulimuuma Edinah hadi akatamani kulia. Akavuta pumzi. "Unakumbuka ile miezi niliyokuwa naleta nusu kikapu, na maji tunateka kule chini kabisa bondeni?"

"Ile tuliyokunywa chai bila maziwa?"

"Hicho ndicho kiangazi."

Nyakerario akasoma upya. Safari hii akaisimulia, tena akaongeza kwamba watu wa kijiji hicho walikuwa wajinga, wangeuza ng'ombe mapema. Wanawake wa foleni wakacheka, na kesho yake wakamuuliza wenyewe ikawaje. Aya moja, maneno mawili matatu, jioni baada ya jioni. Kuna siku Edinah alisinzia amesimama, mtoto akamtikisa: "Mama, nimesema nini?" Ikabidi akiri hajui.

Sabato ya kumi na tatu ikafika, na mafungu yaliyokaririwa yalikuwa matano tu. Edinah alitaka kusema rudia, akakosa nguvu.

Kanisani mtoto alitoa matano, akakwama kwenye la sita. Watu wakaanza kugeuka kumtazama mama mtu. Edinah aliinamisha kichwa.

"Maneno yake yamenipotea," Nyakerario akasema kwa Kigusii, "lakini najua linasema nini. Linasema mtu aliyechoka aje kwa Bwana na mzigo wake vile ulivyo. Hapangi foleni. Na kikapu chake hakipekuliwi, hakuna jani atakalorudishiwa."

Hakuna aliyesema amina. Mwalimu Omwenga, aliyekaa mbele, alivua miwani akaifuta kwa tai. "Huyo haendi darasa la tatu," alisema kwa sauti ya chini, lakini Edinah alimsikia.

Bibi Persis, aliyekaa benchi moja na Edinah tangu zamani, akamgusa goti.

"Kumbe ndivyo linavyosema? Mimi nalijua tangu nikiwa msichana."

"Hata mimi," Edinah alijibu, na machozi yakamtoka. Miaka thelathini alikuwa amelibeba fungu hilo mdomoni, amechoka hivyo hivyo, na leo ndiyo mara ya kwanza amelisikia.