Paskalina Juu ya Lundo la Pumba

Paskalina alianza masomo ya chuo huria mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi Ubaruku, na vitabu vilimjia kwa basi kutoka Mbeya mjini. Akikwama, aliandika barua na kusubiri. Wakaja mapacha, vitabu vikahamia juu ya kabati.

Alipojiandikisha tena, mapacha walishaota ndevu, naye alikuwa na mashine yake ya kukoboa mpunga. Sasa chuo kilikuwa ndani ya simu. Mihadhara aliisikiliza huku akipepeta mchele, na akikwama aliuliza kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp. Aliyemjibu upesi kuliko wote alikuwa Rupal, mwenye duka la vitambaa Iringa, aliyesomea nyuma ya kaunta. Hawakuwahi kuonana, ila waliitana dada.

Siku ya kutetea utafiti wake, mtandao ukagoma. Paskalina akazunguka uwanja mzima wa mashine, simu juu. Hola!

"Mama, panda kwenye pumba," mumewe, Obeid, akamwambia. "Wapakiaji wote hupigia simu kule."

Akapanda na gauni lake la kanisani. Kweli, sura za wahadhiri zikatokea. Akaanza kueleza jinsi wakulima wanavyopoteza mpunga wakati wa kuvuna.

"Samahani," mhadhiri mmoja akamkatiza, "mbona unayumba? Uko kwenye gari?"

"Hapana, Dokta. Nimesimama juu ya pumba. Zimeshafika magotini."

"Basi tuulize upesi kabla hujazama!"

Wateja walikuwa wamezima mashine wenyewe na kujipanga chini ya lundo. Kila Paskalina alipojibu, wao waliitikia, "Kweli kabisa, mwalimu!"

"Na hao ni akina nani?"

"Hao ndio sampuli yangu, Dokta."

Wahadhiri wakacheka hadi mmoja akavua miwani. Alipotangaziwa kuwa amefaulu, vigelegele vilipasuka, na Obeid ikabidi amvute mkewe kwa mikono miwili. Kiatu kimoja hakikuonekana tena.

Mahafali yalikuwa Iringa. Kwenye umati wa majoho, Paskalina alikuwa akimwita Obeid kwa sauti yake ya mashineni, mara mwanamke mwembamba akageuka.

"Dada Paskalina! Sauti hiyo ni moja tu Tanzania nzima."

"Rupal! Kumbe wewe ni mfupi hivi?"

Wakakumbatiana, kofia zikaanguka. Mchana ule walikula pamoja mtaani Ipogolo, wakibishana kwa furaha nani kati yao aanze kuomba shahada ya uzamili.