Nyota ya Sita Kwenye Kilimia

Ukiota ndoto Guangzhou, nenda kwa Zulekha. Pale soko la vitambaa la Zhongda yeye huwatafsiria Watanzania Kichina, na bei ikishakubaliwa, Waislamu kwa Wakristo humvuta pembeni: "Da Zulekha, nimeota mwezi." Naye huwajibu alivyofunzwa na babu yake kule Wete: jua ni baba, mwezi ni mama, nyota ni ndugu. Ndoto mbaya unatema mate kushoto mara tatu, unageukia ubavu wa pili na kufunga mdomo, kwani ndoto iko mguuni mwa ndege. Ikifasiriwa tu, imetua na kuwa kweli. Na mwenye kuzua ndoto, Siku ya Kiyama ataambiwa afunge fundo punje mbili za shayiri, wala hataweza.

Lakini mganga hajigangi. Zulekha aliota Kilimia juu ya paa la kwao, nyota sita, na ile ndogo ya pembeni ikazimika kama koroboi iliyokwisha mafuta. Kwao wamezaliwa sita. Kitinda mimba ni Ameir, na siku hiyo Ameir alikuwa Dar es Salaam akipasuliwa moyo. Angekwenda, lakini pasi yake iko ofisi ya uhamiaji inangoja viza mpya. Akatema mate, akageuka, akanyamaza.

Ungemwona mchana ule dukani! Muuzaji anasema "mei you," hakuna, yeye anamwambia mteja wake Felisia kuna. Felisia, mama wa Rombo mwenye moyo mweupe na mdomo usio na kufuli, akaweka kitambaa chini.

"Una jambo wewe. Sema, mdogo wangu."

"Sina."

"Zulekha!"

Machozi yakamtoka. Alisema kidogo tu: Kilimia, nyota moja imezimika. Lakini Felisia kaisoma Biblia tangu utoto, na Yusufu ni wa dini zote mbili; habari za upasuaji wa Ameir pia alikuwa nazo.

"Nyota si ndio ndugu zake Yusufu? Yesu wangu! Basi iliyozimika ni Ameir!"

Zulekha akamziba mdomo kwa kiganja. Wapi! Neno limeshatoka.

"Nimefanya nini?" Felisia akauliza.

"Hujafanya kitu, dada."

Alitaka kumchukia, akashindwa. Jamani, mtu akujie kwa huruma, na huruma yenyewe ndiyo ikumalize! Na nani aliyeanza kufungua mdomo?

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji.

"Mwanangu, hawajatoka bado. Moyo wangu hautulii. Ndoto zako hazijawahi kusema uongo. Hujaota kitu?"

Felisia akageuzia uso kwenye majora ya vitambaa. Zulekha alimwogopa Mungu, na alimsikia mama yake akihema.

"Nimeota, mama. Kilimia juu ya paa letu. Nyota zote sita, zinawaka."

"Alhamdulillahi!" Mama akaangua kilio cha furaha. "Hebu isimulie tena, na shangazi yako asikie."

Zulekha akaisimulia tena, nyota moja baada ya nyingine, mpaka ya sita.